Shilingi Tatu za Bibi Zilivyonitoa Jasho

Wapenzi wasomaji, wiki hii naanza na ushauri wa bure. Kama nyumbani kwenu kuna sarafu ya zamani, iwe kwenye sanduku la babu, kwenye kopo la vifungo au kwenye pindo la kanga ya bibi, usiisugue. Usiitie limau, usiipake dawa ya meno, usiiguse na jivu. Iache na uchafu wake. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa na kufungua ukurasa wa michezo. Mwenye nafasi avute kigoda nimsimulie jinsi nilivyoingizwa mjini, na aliyeniingiza ni mimi mwenyewe.

Bibi yangu mzaa mama aliletwa Dar kutoka Tanga macho yalipoanza kumsumbua. Akawa anamsalimia mlango akidhani ni mtu, anamimina chai nje ya kikombe. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, dawa yake ni kupasuliwa. Kikao cha ukoo kikakaa pale kwetu Tandika. Mjomba akatoa daftari, majina yakaandikwa, na mbele ya kila jina kiasi cha mchango. Ilipofika zamu yangu, Mjomba aliniangalia, akakohoa, akachora mstari. Siyo namba, mstari!

Jamani, mimi mnanijua. Kidato cha nne nilimaliza, cheti kiko kabatini kinanenepesha mende, na maisha yangu ni hii kalamu. Nalipwa kwa makala, na makala yenyewe mpaka mhariri aipende. Lakini mstari ule uliniuma kuliko kama ningepangiwa laki tano.

Siku mbili baadaye, jioni, Bibi akaniita.

"Mume wangu, njoo hapa."

Bibi huniita mume wake tangu nikiwa natambaa, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu. Nikakaa mkekani. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa kitu cha duara, cheusi kama sufuria la kijijini, kikubwa kuliko sarafu yoyote ninayoijua. Hakunipa mara moja. Alikipitishia kidole gumba, upande huu na upande ule, kama mtu anayempapasa mtoto usoni.

"Hii ni mshahara wa babu yako," akasema. "Wa mwisho."

Habari yenyewe ni hivi. Babu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kwenye shamba la mkonge. Mwaka 1962, nchi imeshapata Uhuru, yule Mzungu akauza viti na vyombo vyake, akafunga safari kurudi kwao Uingereza. Babu alikuwa anadai siku zake chache za mwisho. Asubuhi ya kuondoka, bwana mkubwa alimwita barazani, akampa ile sarafu, akamwonyesha kwa kidole penye namba 3 na neno la shilingi, akampa mkono, akapanda gari. Kwaheri ya kuonana.

Babu akaenda nayo dukani moja kwa moja. Nyumbani kulikuwa hakuna unga wala sukari, na Mama yangu alikuwa bado ananyonya. Mwenye duka akaigeuza, akaigonga kwenye meza, akamrudishia. "Hii haina simba," akamwambia. Shilingi iliyotumika wakati ule ilikuwa ya Afrika Mashariki, ile yenye simba na milima nyuma yake. Isiyo na simba si pesa. Babu akarudi mikono mitupu.

"Hakusema neno," Bibi akaniambia. "Alikaa pale nje mpaka giza. Sasa wewe umesoma. Nenda kaniulizie thamani yake. Nataka nijue."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Moyoni nikasema, Mungu huyo! Mstari wa Mjomba naufuta kesho.

Nilikwenda nayo uani penye taa. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mwanaume kimevishwa taji la majani, na maandishi yamezunguka: GEORGIUS III DEI GRATIA REX. Upande wa pili, katikati ya matawi mawili, mistari minne: BANK, TOKEN, 3 SHILL., na chini mwaka. Tarakimu tatu za mwanzo zilisomeka bila shida, 181. Ya mwisho ilikuwa imelika na kuzama kwenye weusi. Ukiielekeza huku unaona 4, ukiielekeza kule unaona 6.

Neno token lilinichekesha. Huku kwetu tokeni ni zile namba za LUKU, ukizikosa unalala giza. Nikajiuliza, hivi mwaka elfu moja mia nane na kitu walikuwa na LUKU?

Kesho yake nikaipeleka kijiweni. Nilikosea. Mali ikifika kijiweni haina siri tena. Mmoja akasema ni ya mfalme Suleiman. Mwingine akasema sarafu kama hiyo ilijenga ghorofa Sinza. Mshikaji wangu akaingia kwenye simu yake, akapekua, akapata picha inayofanana na yangu kabisa. Bei iliyoandikwa pembeni ilikuwa ya paundi mia kadhaa. Tukazigeuza kuwa shilingi za Bongo, kijiwe kizima kikashangilia utadhani timu ya taifa imefunga. Hakuna aliyeuliza kwa nini ya kwenye picha ilikuwa na nywele za mfalme zinazohesabika moja moja, wakati mfalme wangu alikuwa kipara. Na hakuna aliyejua kwamba bei anayoitaja muuzaji na bei aliyolipa mnunuzi ni vitu viwili tofauti. Hata mimi naweza kuandika shati langu la mtumba linauzwa milioni. Kuandika si kuuza.

Usiku ule sikulala. Nikawaza, mtu haendi kuuza mali ikiwa imechafuka. Hata binti hapelekwi ukweni bila kuogeshwa. Nikaamka, nikachota jivu jikoni, nikakamua limau, nikachukua kitambaa. Nikasugua. Weusi ukaanza kutoka, chini yake kukatokea weupe mzuri ajabu. Nikaongeza dawa ya meno. Pale penye mwaka paligoma, basi nikakumbuka kipande cha msasa alichosahau fundi aliyetutengenezea mlango. Nikapapitia taratibu, kwa heshima zote.

Alfajiri sarafu ilikuwa inawaka kama kioo cha daladala mpya. Nikajiona mjanja.

Mnunuzi wa kwanza niliyepelekewa ni mtu wa rupia. Wakazi wa mjini mnawajua hawa jamaa. Rupia za Mjerumani ni sarafu za kweli kabisa, zilitumika hapa kwetu kabla Mwingereza hajachukua nchi, na ipo mpaka ya dhahabu yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa 1916 kwenye karakana ya reli huko Tabora wakati wa vita. Hiyo ndiyo historia. Lakini mjini rupia imegeuzwa kuwa uganga. Bwana yule, suti na viatu vya kuchongoka, alisema yangu ikivuta punje ya mchele ni milioni mia mbili. Mchele haukuvutwa. Akasema ni kwa sababu "haijafunguliwa". Kuifungua kunahitaji dawa, na dawa ni elfu hamsini, natoa mimi.

Sikieni, nilikuwa nimeshaanza kuwaza nani wa kumkopa. Kilichoniokoa ni umaskini. Niliowaza kuwakopa wote walikuwa wananidai.

Kutoka hapo nikaenda kwa sonara, Kariakoo. Huyu alikuwa mtu wa kazi, maneno machache. Alianza na sumaku, haikunasa. Akaiweka kwenye mizani, ikasoma gramu 14 na pointi kidogo. Akaikwaruza kidogo ukingoni kwenye jiwe lake, akadondoshea dawa kwenye alama, akatazama rangi. "Fedha," akasema. "Fedha kweli, si bati." Nikapumua. Halafu akataja bei ya kuinunua ili aiyeyushe atengeneze vikuku. Ilikuwa bei ya gramu, kama nyama buchani. Yaani babu yangu, mfalme na ile benki, vyote kwenye chungu! Nikamwambia naenda kufikiria. Naye, Mungu ampe heri, akaniambia, "Kama unataka kujua ni nini, usije kwa sonara. Sisi tunajua uzito. Kuna mzee Upanga, alikuwa mtu wa benki, anakusanya hizi."

Mzee wa Upanga alinipokea kibarazani. Shikamoo, marahaba kijana, kaa. Akatandika kitambaa mezani, akavaa miwani, akachukua kioo cha kukuzia. Sarafu akaishika ukingoni kwa vidole viwili, haikugusa kiganja chake. Aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Nani amesugua?"

"Tuliikuta hivyo hivyo, Mzee."

Akanyamaza. Kile kimya sitakisahau. Mshale wa saa ya ukutani nilikuwa nausikia mmoja mmoja.

"Ni mimi, Mzee," nikasema. "Juzi usiku."

Hakunifokea, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akatoa rula, akapima upana, milimita 34 hivi. Akaiweka kwenye mizani yake ndogo, gramu 14.2. Akasema ikiwa mpya ilikuwa na gramu 14.7, hivyo imepungua kwa kuzunguka mikononi mwa watu, na kidogo kwa mikono yangu. Halafu akanieleza.

Kwanza, huyu ni mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Pili, hii si sarafu ya serikali, na ndiyo maana ikaandikwa TOKEN. Mwishoni mwa miaka ya 1700 na mwanzoni mwa 1800 Waingereza walikuwa vitani na Wafaransa, ile vita ya Napoleon. Dhahabu ikawa shida, mpaka mwaka 1797 Benki ya Uingereza ikaacha kubadilisha noti zake kwa dhahabu. Bei ya fedha ikapanda, watu wakazificha sarafu nzuri au kuziyeyusha, na serikali kwa miaka mingi ilikuwa haitengenezi sarafu za fedha za kutosha. Mtu ana kazi, ana bidhaa, lakini chenji hakuna. Mwajiri hana cha kumlipa kibarua.

"Kama kondakta anapokwambia chenji utapata kituo kinachofuata," nikasema.

"Hapo hapo," Mzee akacheka. "Sasa ikawa nchi nzima."

Benki ikaanza kutafuta njia. Ilichukua dola za fedha za Kispania ikazigonga muhuri mdogo wa kichwa cha mfalme, na mwaka 1804 nyingine zikapigwa chapa upya kabisa kwenye kiwanda cha Matthew Boulton kule Birmingham. Kuanzia 1811 mpaka 1816 ikatoa tokeni zake, za shilingi tatu na za shilingi moja na nusu. Miaka hiyo hiyo ya 1811 na 1812 wafanyabiashara wa miji kama Bristol, Bath, Sheffield na York nao wakatoa tokeni zao za fedha, nyingine zimeandikwa ahadi kwamba mtu akizirudisha kwa idadi fulani atapewa noti ya paundi. Yaani duka linatengeneza pesa yake! Bunge likaja kuzipiga marufuku hizo za watu binafsi. Mwaka 1816 ikapitishwa sheria ya sarafu mpya, mwaka uliofuata zikaingia mitaani, na tokeni zikakusanywa, zikafa.

"Kwa hiyo tokeni ni ahadi," Mzee akasema. "Benki inakwambia, chukua hii kama shilingi tatu, sisi tutaipokea. Ukizipima shilingi tatu halisi za mwaka 1816 unapata karibu gramu 17. Hii yako hata ikiwa mpya haikufika 15. Pengo hilo linajazwa na imani."

Nikamuuliza sasa ni shilingi ngapi. Akashusha pumzi.

Akasema kuna mambo manne yanayoangaliwa: ni aina gani, ni ya mwaka gani, imechakaa kiasi gani, na ngozi yake ni ya asili au imeguswa. Aina hii ya kichwa kitupu chenye taji la majani ilianza 1812. Zile za mwanzo, za 1811, mfalme ana mabega na vazi la kivita. Mwaka ndio wenye maneno. Tokeni ya 1814 ni ya kawaida, na ikiwa imechakaa kama hii huuzwa paundi makumi machache. Lakini ya 1816 ni adimu, na wakusanyaji huigombania kwa bei ya juu mara nyingi zaidi.

Akainamia kioo, akageuza taa ije kwa ubavu. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Kijana, kabla hujaisugua ulikuwa unaona namba gani?"

"Nne, Mzee. Au sita."

"Ule weusi uliouondoa ulikuwa umekaa kwenye mabonde ya namba. Ndio uliokuwa unaichora. Sasa wewe umeondoa wino, ukapiga msasa na karatasi. Hapa pana mikwaruzo tu. Mimi siwezi kuapa ni nne, siwezi kuapa ni sita. Na mnunuzi asiyeweza kuapa hulipa bei ya nne iliyoharibiwa."

Ukweli ni kwamba huenda ilikuwa 4 tangu mwanzo. Mzee mwenyewe alisema za 1814 ni nyingi. Lakini huenda siyo, na hiyo huenda nitakufa nayo.

Akasema yeye yuko tayari kutoa elfu sabini, kwa ajili ya historia tu, ila niende kwanza nikamuulize mwenyewe. "Usiuze mali ya mtu kwa haraka yako," akasema. Nilipokuwa nainuka nikamsimulia habari ya Babu, ya baraza na duka na simba. Akaniambia kaa tena. Akachukua karatasi na kalamu, akawa karani wa benki.

Mwaka 1962, akasema, fedha duniani iliuzwa dola moja na senti chache kwa wakia. Paundi ilikuwa dola 2.80, na paundi moja ilikuwa shilingi 20 za Afrika Mashariki. Akazidisha, akagawanya, akapiga mstari. Madini yaliyomo kwenye sarafu ya Babu, siku ile aliyopewa, yalikuwa na bei ya shilingi tatu hivi. Tatu! Zile za simba zenyewe wakati ule zilikuwa za shaba na nikeli, fedha hamna hata chembe.

Nilirudi Tandika nimesimama kwenye daladala lakini miguu siisikii. Njia nzima napanga maneno. Nikaona bora nianze na habari njema, kwamba Babu hakuibiwa, mahesabu ninayo kwenye karatasi.

Bibi alikuwa mkekani. Nikaiweka sarafu kiganjani mwake. Akapitisha kidole gumba, upande huu na upande ule. Akasimama. Akarudia.

"Hii siyo yangu," akasema.

Jamani!

"Ni yenyewe, Bibi."

"Siyo yangu. Yangu ilikuwa na mafuta ya mkono. Hapa chini palikuwa na kiduara, nilikuwa naweka kucha. Hii umebadilishiwa mjini, mume wangu. Wamekuibia."

Mwanamke haoni mlango, lakini sarafu anaijua kwa ncha ya kidole. Miaka zaidi ya 60 alikuwa anaisoma pale pale mahali nilipopitisha msasa. Nikamweleza. Jivu, limau, dawa ya meno, msasa. Kila neno lilikuwa zito kutoka. Na nilipokuwa nasema nikakumbuka kitu. Kile kiduara alichokuwa anawekea kucha, chini, mwishoni. Nne haina kiduara, ina pembe. Lakini namba iliyolika kwa miaka mia mbili inaweza kuwa na chochote, na kidole cha bibi kizee si ushahidi wa kupeleka kwa wakusanyaji. Sikumuuliza. Nilijizuia kumuuliza, maana angenijibu.

Alinyamaza, kisha akauliza, "Haya, umeniletea jibu?"

Nikamwambia elfu sabini.

"Sikukuuliza bei," akasema. "Nilikutuma thamani. Bei nifanyie nini? Macho wanashughulikia wanangu. Nilitaka nijue, yule Mzungu alimlipa mume wangu au alimcheka?"

Basi nikatoa karatasi ya Mzee wa Upanga. Nikamsomea yote, vita, benki, tokeni, ahadi, wakia na dola. Nikamwambia kwamba sarafu ile ilikuwa imeshakufa kwao zaidi ya miaka 130 kabla Babu hajapewa, hata London dukani isingepokelewa. Lakini madini yake yalifika shilingi tatu. Huenda yule bwana aliipenda, akaona anampa mpishi wake kitu cha heshima kuliko shilingi za kawaida. Mimi kwa kweli nilitaka aseme, basi kumbe hakudhulumiwa, tukacheka, mambo yakaisha.

Bibi akatikisa kichwa taratibu.

"Mzee wako wa Upanga amepiga hesabu vizuri. Mwambie nimeshukuru. Lakini siku ile tulitaka unga. Mtoto analia, mimi maziwa yamekauka. Kitu kisichopokelewa dukani si malipo, hata kiwe fedha tupu. Anayekulipa anatakiwa ajue unakwenda kununua nini."

Akaifunga sarafu kwenye pindo la kanga, akalikaza fundo kwa meno. Haiuzwi. Mzee wa Upanga nilimpelekea jibu, akasema alilitarajia.

Sasa wewe msomaji ambaye tayari umeshaanza kufikiria sanduku la kwenu, sikiliza. Nilicholipia mimi wewe chukua bure. Kwanza iache ilivyo. Soma kila herufi pande zote mbili, andika. Pima uzito na upana, maana sarafu bandia mara nyingi huumbukia kwenye mizani. Piga picha mwanga ukitokea ubavuni, namba zilizolika hujitokeza hivyo. Ukitafuta bei, tafuta iliyolipwa, siyo iliyoombwa, na ya sarafu iliyochakaa kama yako. Usimwachie mtu usiyemjua alale nayo. Mtu akikwambia inavuta mchele, mwachie mchele wake uondoke. Na kabla ya yote, muulize mwenyewe anataka kujua nini.

Bibi alipasuliwa jicho la kulia mwezi uliopita. Fedha zilitoka kwenye daftari la Mjomba, na pale kwenye mstari wangu sasa pana namba. Ndogo, lakini ni namba. Ni malipo ya makala mbili, na hii unayosoma ndiyo ya tatu, itakwenda kwenye jicho la kushoto. Siku alipotolewa bandeji alimtazama kwanza Mama, kwa muda mrefu. Halafu akafungua pindo la kanga, akaitoa shilingi tatu yake, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Inang'aa, we acha tu.

Akanigeukia.

"Kumbe na wewe umezeeka hivi," akaniambia, "na akili bado." Akaifunga tena.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.